Fundi Nusu na Chujio la Jikoni

Baba yangu ni fundi bomba, na mtaa mzima unamwita Fundi Nusu. Asiyemjua hudhani kazi zake huishia njiani. La hasha. Jina lilitokana na wimbo wake wa kila siku: nati ya plastiki unaifunga kwa vidole mpaka igome, kisha unashika spana na kuongeza nusu mzunguko, basi. Ukizidisha umeiua. Mafundi wanaokaza kwa nguvu zote walimchefua. Alisema wanagombana na bomba utadhani limewatukana.

Chujio la maji lililo chini ya sinki letu alilifunga mwenyewe, Mama alipoanza kusumbuliwa na tumbo. Ni mkebe mrefu wa plastiki, huku bomba la kuingiza maji, huku la kutolea. Lilikaa miaka bila kudondosha hata tone. Halafu likaanza kuvuja, tukaweka beseni chini yake.

Baba akabadilisha nati, akazungushia tepu nyeupe mpya, akafunga, akafuta kwa kitambaa. Wiki haikuisha, beseni likarudi chini ya sinki. Nati imepasuka. Akafunga nyingine, nayo ikapasuka. Mimi sina subira, nimerithi kwa shangazi zangu. Nilifunga safari hadi duka la vifaa, nikamwaga nati zile mbovu juu ya kaunta na kumwambia muuzaji anatuuzia takataka. Akaichukua moja, akaigeuzageuza mwangani.

"Dada, hii haikupasuka yenyewe. Imekazwa kupita kiasi."

"Unajua aliyeifunga ni nani?"

"Namjua. Ndiyo maana nashangaa."

Nilimtolea maneno ambayo siyaandiki hapa, nikaondoka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mezani jikoni nachambua mchele. Baba akaingia, akapiga magoti mbele ya sinki, akaigusa nati, akaongeza nusu mzunguko. "Tayari," akasema, akaenda barazani kunywa chai. Chai haijapoa, huyo amerudi. Akaiona spana juu ya sinki, akaitazama kama mtu aliyekumbushwa jambo. Akapiga magoti. Nusu mzunguko. "Tayari." Aliporudi tena, mchele bado uko kwenye sinia, niliacha kuchambua. Kila safari alifanya kazi safi kabisa, vilevile alivyoifanya maisha yake yote. Hakukumbuka tu kwamba ameshaifanya.

Nilimfuata Mama uani, alikokuwa akianika nguo.

"Mama, hali ya Baba unaijua?"

"Mimi ndiye ninayelala naye, nitakosaje kujua?" alisema, mkononi ana shati la Baba. "Ananiuliza kama nimekula. Namjibu. Ananiuliza tena."

"Basi tuifiche spana."

"Thubutu! Ukimnyang'anya spana, atabaki na nini?"

Akalia palepale, uso ndani ya shati lililolowa. Nami nikalia, wala sikuona aibu.

Wazo lilikuwa la Mama. Baba alipokwenda kunyolewa, nilifunga nati mpya kwa mkono wangu, kama alivyonifundisha, kisha nikalificha chujio nyuma ya ubao. Mbele ya ubao tukapachika mkebe mtupu wa chujio kuukuu, pamoja na vipande vyake vya bomba visivyokwenda popote. Baba akawa anaukaza huo. Nati ikipasuka, Mama anaweka nyingine Baba akiwa amesinzia. Beseni likarudi bafuni. Wageni wakiyasifu maji yetu, Mama hujibu, "Mwenye kazi yake huyo hapo," na Baba hutabasamu. Nilijiona mjanja, nikamsifu na Mama kwa ujanja wake.

Asubuhi moja nilimkuta Baba amepiga magoti palepale, spana mkononi, lakini hakazi. Kiganja cha mkono wa pili kilikuwa kimelala juu ya bomba.

"Mwanangu," akasema, "bomba lenye maji huwa la baridi."

Akakigonga kipande cha bomba kwa spana.

"Hili halina maji. Mmeniwekea la kuchezea."

"Baba, nisamehe."

"Shii. Usimwambie mama yako kwamba najua. Amehangaika sana, ataumia." Akaishika nati kwa spana, akaongeza nusu mzunguko, kisha akapaza sauti ifike uani. "Tayari!"

"Ahsante, fundi wangu!" Mama akaitikia kutoka kwenye kamba ya nguo.

Nilidhani yameishia hapo. Kesho yake akapiga magoti, akalaza kiganja juu ya bomba, kisha akaniita kwa sauti ya chini. Siku hizi ndivyo tunavyoamka. Kila asubuhi Baba anagundua upya kwamba bomba lake halina maji, na kila asubuhi ananiomba nisimwambie Mama.