Nafasi ya Omena Kwenye Kivuko

Programu yangu ilifanya kazi vizuri kwangu Homa Bay na ikagoma Isebania. Naianza habari hapo kwa sababu ilinichukua asubuhi nzima kuitamka sentensi hiyo kwa sauti.

Shemeji yangu anauza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Isebania, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaoagiza omena kutoka kisiwa cha Mfangano. Zamani walimtegemea dalali awaambie kama kivuko kina nafasi ya magunia, na dalali, kwa sababu zake, alikiona kimejaa hata kikiwa kitupu. Wenye kivuko walipofungua huduma ya kuulizia na kuweka nafasi mtandaoni, shemeji akaahidi kwamba nitawatengenezea programu. Kikundi kikampa hadi siku ya soko. Ikishindikana, wanarudi kwa dalali, na uenyekiti unakwenda kwa mwingine.

Ili programu iongee na huduma kama hiyo, unachukua maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na watu wengine, ikubebee swali na kukuletea jibu. Yangu kwanza ilikataa kuingia kwenye kompyuta yangu kwa sababu kompyuta ni ya zamani. Nikaweka toleo la nyuma, nalo likalalamika kwamba limepitwa na wakati. Jumamosi hiyo majirani zangu Waadventista walinipita wakienda kanisani, wakarudi wakanikuta palepale.

"Bado mnagombana?" mmoja akaniuliza.

Kufikia jioni tulikuwa tumepatana. Niliuliza nafasi, nikajibiwa, nikacheza kidogo peke yangu.

Siku ya soko nilifungua kompyuta kibandani kwa shemeji, nikaiunga na ruta yake ya mtandao. Wanawake walikuwa wamekalia magunia, wengine wanakula ndizi. Nikabonyeza. Jibu likaja upesi: huruhusiwi.

"Yawa! Hata kompyuta imekuwa dalali," akasema mama mmoja aliyekaa mbele, ambaye hakuwahi kuficha kwamba dalali ni mtu wake.

"Mama, mwache apange vitu vyake," shemeji akamjibu, huku akinitazama kwa jicho la usiniaibishe.

Nikapanga. Nikakagua ufunguo wa siri niliopewa na wenye kivuko: sawa. Anwani ya huduma: sawa. Nikaing'oa maktaba na kuiweka upya. Huruhusiwi. Nikaandika msimbo mfupi wa kuuliza swali moja tu, kwa adabu. Huruhusiwi.

"Shemeji, labda umeiudhi," yule mama akaniambia. "Iamkie kwanza."

Wakacheka wote, shemeji naye, ila kicheko chake kilikuwa kifupi.

Nilijiuliza kimebadilika nini. Msimbo ni uleule, kompyuta ni ileile, ufunguo ni uleule. Nilichobadilisha ni mahali tu. Nikafungua ukurasa wa habari ili nitulize kichwa, na pembeni nikaona tangazo la vitanda. Vitanda vizuri, bei kwa shilingi ya Tanzania, duka liko Mwanza.

"Shemeji, hiyo ruta yako ina laini gani?"

"Ya upande ule. Bando zao zinakaa."

Hakunificha. Kila nyumba hapo ina laini mbili, moja ya kila upande wa mpaka, na mnara wa Sirare, ng'ambo ya mpaka, unashika hadi jikoni. Kumtajia mgeni jambo hilo ni kama kumjulisha kwamba mnakoga. Lakini huduma ya kivuko iliwapokea walio Kenya tu, na kwa macho yake sisi tulikuwa tumebisha kutoka Tanzania.

"Kumbe tumeshinda Tanzania tangu asubuhi," shemeji akasema, "na hakuna aliyetugongea muhuri!"

Akatoa simu yake yenye laini ya Kenya, akanifungulia mtandao wake. Nikabonyeza, na maandishi yakatokea: nafasi ipo.

Hakuna aliyeshangilia. Walimgeukia yule mama wa mbele. Alimaliza ndizi yake taratibu, akajifuta mikono kwenye leso, akasogeza gunia lake karibu na meza.

"Basi niandikie mimi wa kwanza," akasema, "kabla kivuko hakijajaa kwa dalali."

Shemeji ndiye aliyebonyeza kumwekea nafasi. Tangu siku hiyo programu yangu, kabla ya kutuma swali lolote, huuliza: mko upande gani? Naambiwa wanachama huijibu kwa pamoja, kwa sauti, na yule mama ndiye kiongozi.