Mabaki ya Fahali Mdogo

Mpaka leo nikimwona mtu anajaza daftari bila kuuliza swali, nakasirika.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Turwa, na ng'ombe wetu wakachanganywa na wa wenzetu katika zizi moja. Bwana mifugo, kijana aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali, akatangaza kwamba kijiji kitabaki na fahali mmoja tu wa mbegu. Wengine watahasiwa. Atakayebaki ni yule anayekula kidogo na kunenepa. Nilifurahi. Fahali wetu mdogo, wa mwisho wa uzao wa ng'ombe tuliohama nao, hakuwahi kukonda hadi mbavu zionekane, hata kiangazi.

Mafahali wakafungwa, kila mmoja na hori lake. Jioni walipimiwa nyasi kwa mizani ya kahawa, na asubuhi bwana mifugo alipima mabaki, akaandika. Siku moja aliwatoa damu shingoni, akaitia kwenye vichupa vya kupeleka maabara. Alisema sukari na mafuta yaliyomo yataonyesha jinsi mwili wa kila fahali unavyotumia chakula. Baba mkwe wangu, mlinzi wa zizi, alicheka.

"Damu hii unapeleka mbali hivyo? Sisi tunainywa na maziwa, na ng'ombe mzuri tunamjua kwa macho."

Kumbe aliyekuwa anatumaliza ni yeye. Fahali wetu alishiba mapema, akaacha nyasi horini. Dume kubwa lililofungwa jirani yake lilimaliza zake na kulia. Kila alfajiri, nikienda kukamua, nilimwona baba mkwe akizoa mabaki ya wetu na kulitupia lile. Kwetu chakula hakilali chomboni wakati jirani analia njaa. Basi daftari likasema wetu anakula zote wala hanenepi, na dume kubwa linakula kiasi kile kile na linanenepa.

Mume wangu alikuwa kazini Musoma. Mimi, mke wa mwana, ningeanzaje kumkosoa baba mkwe, tena kwa mgeni? Nilimwambia tu bwana mifugo, "Bwana, njoo zizini kabla hakujapambazuka."

"Mama, kazi yangu inaanza saa mbili."

Saa mbili! Kana kwamba ng'ombe wanakula kwa saa ya ofisi.

Fahali wetu akaangushwa, akahasiwa kwa koleo la kubana mishipa, mbele yangu. Baba mkwe ndiye aliyeshika pembe, akimpoza kwa maneno ya Kikurya. Nilimchukia siku ile, nasema wazi. Nilijichukia na mimi.

Majibu ya damu yalikuja baadaye. Bwana mifugo aliyasoma mbele ya zizi: kati ya wote, mwili uliotumia chakula vizuri kuliko mingine ni wa yule mdogo. Akakunja karatasi.

"Vichupa vimechanganyika," akasema. "Daftari langu halikosei."

Hapo nikamwambia yote, baba mkwe akiwa amesimama pale pale. Mzee hakukana. Aliuliza tu, "Sasa ningeliacha lilie?"

Kiangazi kilichofuata nyasi zilipungua, na dume kubwa, lililoachwa kuwa la mbegu, lilianguka kwa njaa na halikuinuka. Fahali wetu, sasa maksai, aliendelea kulima shamba langu miaka mingi, akila kidogo, mbavu hazionekani, bila kuacha ndama hata mmoja.