Baba Aliyekufa Kila Asubuhi

Baba yetu alikufa mara moja na tukamzika. Baada ya hapo mimi nilimuua tena mara nyingi, na kila mara nilidhani natenda haki.

Mama alikuwa ameanza kusahau. Alianza na majina ya majirani, ikafuata njia ya sokoni, halafu miaka mizima ikamtoka, mpaka akarudi kwenye siku zile baba alipokuwa akifanya kazi kiwandani hapa Likasi. Asubuhi akiamka alipapasa upande wa pili wa kitanda, akaniita.

"Baba yenu iko wapi?"

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Uongo naunusa mtoto akiwa bado mlangoni, na sikulelewa kumdanganya mzazi. Nikamjibu, "Mama, baba alikufa. Tulimuzika."

Alipiga yowe. Kila asubuhi kwake ilikuwa mara ya kwanza kusikia. Alijifunga kitenge kiunoni, akaanza kutoa viti nje, maana kwetu kilio kikiingia nyumbani wanawake hukaa chini. Siku ya kwanza majirani walikuja mbio, huyu na kuni, yule na unga. Siku ya tatu walichungulia tu juu ya ukuta. Wiki iliyofuata jirani wa nyuma aliniuliza huku akijizuia kucheka, "Mwalimu, ule baba yenu atakufa mara ngapi?" Nilimwambia aende akamfundishe mwanawe imla, maana anaandika kama kuku anayeparua. Lakini kesho yake mama aliuliza tena, nami nikajibu tena. Nikijaribu kurudisha viti ndani alinipiga kwa mwiko. Alama ninayo mpaka leo kwenye kifundo cha mkono.

Muuguzi mmoja wa mtaani akaniuzia vidonge vya kumtuliza. Kutulia alitulia kweli. Alilala siku mbili, akashindwa kushika kijiko, na alipojaribu kusimama alianguka mlangoni pa choo. Nilimwinua akiwa amelowa, hana hata nguvu za kunitukana, na nikautamani ule mwiko.

Mdogo wangu alitukuta hivyo. Alikuwa mchimbaji kule Kambove, na mkewe na watoto walikaa mtaa wa tatu kutoka kwetu, lakini kila jioni akishuka kwenye pikipiki alipitia kwanza kwa mama. Alivichukua vile vidonge, akavitupa chooni, akanigeukia mimi mkubwa wake.

"Yaya, weye njo unamuua baba kila siku. Hauchoke?"

"Sasa nimudanganye mama?"

"Umuulize tu anatafuta nini."

Siku mbili baadaye, nguvu zilipomrudia mama, ndugu yangu aliingia chumbani na vumbi lake lote. Mama aliinua kichwa, akamtazama sana.

"Ulichelewa," akasema.

"Shefu alinibakisha ku kazi."

Mama akainuka. Alimletea maji ya kunawa, akampakulia bukari, yaani ugali, akakaa mbele yake kumuuliza habari za watu wa kiwandani ambao wengi walishakufa. Ndugu yangu aliwajibia wote: huyu anasalimia, yule ameongezwa cheo. Mimi nilisimama mlangoni nikiona wivu, sifichi. Mimi ninayemwogesha napigwa mwiko, na huyu mwongo anapewa kipande kikubwa cha samaki.

Lakini alikuwa sahihi. Asubuhi iliyofuata mama alipouliza, nikasema, "Iko ku kazi, mama. Atarudi saa kumi na moja." Yeye akasema "Aya," akaanza kuwaza mume wake atakula nini. Viti vilibaki ndani.

Tangu hapo nilijifunza mengine. Mama hakutaka kuoga, lakini kwa misa alioga bila kusukumwa, basi nyumbani kwetu Jumapili ikawa inafika mara tatu kwa wiki. Tulivaa, tukatembea mpaka kona, tukarudi, na kwake misa ilikuwa imekwisha. Mikono yake ilipoanza kuhangaika nilimpa maharagwe achambue. Akimaliza nilikwenda nyuma ya nyumba nikachanganya tena na vijiwe vile vile, mimi, mwalimu. Saa kumi ilipopita alianza kwenda na kurudi, akalishika lango, na hapo hakuna nilichoweza kumfanyia. Tulingoja pikipiki. Ikisikika, uso wake ulilegea.

Halafu shimo la Kambove likamwangukia ndugu yangu.

Wachimbaji wawili walikuja kuniambia shuleni, saa ya mapumziko, na bado nilikuwa na chaki mkononi. Jioni hiyo mama alisimama langoni. Nikamwambia, "Shefu alimubakisha ku kazi." Alisubiri mpaka giza likaingia. Sahani ya mumewe aliifunika kwa sahani nyingine, akanikataza kuigusa.

Kilio kiliwekwa kwa mke wa marehemu. Baba mdogo, aliyefika kutoka Kapolowe, alinivuta pembeni.

"Mama hawezi kukosa kulilia mutoto wake. Bamuambie."

"Na kesho asubuhi, baba mudogo? Njo weye utakuja kumuambia tena?"

"Unamuibia kilio chake," akasema.

Hilo liliniuma, kwa sababu na mimi niliwaza hivyo hivyo. Ningemwambia nini hasa? Yule mtu wa vumbi aliyekuja jioni, kwake alikuwa mume. Mwanawe, kwa hesabu yake, alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, anayetafuta viatu vyake kila asubuhi. Sikujua nimpe kifo cha nani. Na nikinyamaza, je, mwanamke aliyembeba mtoto huyu mgongoni akose hata chozi moja la kumtolea? Nilikuwa nimezoea ndugu yangu aniamulie mambo ya namna hiyo.

Siku ya maziko jirani aliyekuwa akikaa na mama nikiwa shuleni alikuwa kilioni pia, sikuwa na mtu mwingine wa kumwachia mama, nikaenda naye. Niliogopa atapiga kelele. Kumbe aliposikia tu wanawake wanalia, alijua la kufanya kuliko sisi wote. Alivua viatu, akakaza kitenge chake, akaingia akakaa chini kwenye mkeka, akamshika mkono mjane. Baba mdogo alisogea karibu. Nilimkazia macho.

Halafu mama akanigeukia, akaona ninavyolia.

"Nani alikufa?" akaninong'oneza.

"Ndugu yangu."

"Mukubwa ao mudogo?"

"Mudogo, mama."

Alitikisa kichwa, akanipangusa uso kwa ncha ya kitenge chake, kama alivyonifanyia nikiwa mtoto. Alikuwa hajanigusa hivyo kwa muda mrefu sana.

"Iko na mama?" akauliza.

"Iko," nikasema.

"Masikini." Akawatazama wanawake mmoja mmoja, akimtafuta huyo mama. "Balisha kumuambia?"

"Bado."

Aliwaza kidogo. Baba mdogo alikuwa amesimama pale pale, anasikia.

"Mumuache akule kwanza," mama akasema. "Akisha kusikia, hatakula tena."

Baba mdogo alitoka nje. Mimi nilikwenda jikoni, nikarudi na bukari na samaki, nikaiweka sahani mbele ya mama. Nilikaa karibu yake. Alikula taratibu, akamaliza yote.