Kinga Nne, Mama Mukwe na Mlango Mmoja

Hapa kwangu Walikale kinga, yaani baiskeli, zinaingia kulala kabla ya watu. Jua likianza kushuka, mke wangu anaondoa sufuria katikati ya nyumba, anasogeza meza, anafungua mlango mpaka ukutani, na mimi ninaingiza baiskeli moja moja. Iko nne. Nyumba ni ya mbao na udongo, vyumba viwili, mlango wa inje mmoja. Anayetaka kujua sisi wenyewe tunapita wapi, aje aone, lakini aje mwembamba.

Watu wananiuliza: Papa, mbona usiziache inje, uani? Niliziacha zamani. Kinga yangu ya kwanza ilichukuliwa na watu wa bunduki, penye bariere ya barabarani, siku tulipokimbia kutoka Karuba, kule Masisi, na godoro na sufuria juu yake. Waliangusha godoro, wakaondoka na kinga. Yule aliyeshika usukani alivaa koti la mvua la kijani, na aliniambia aksanti. Hilo njo linaniuma mpaka leo. Kunyang'anya, umeninyang'anya, sasa aksanti ya nini?

Ya pili ilipotea hapa hapa Walikale, chini ya dirisha langu, na mwizi ninamjua. Ni jirani wa upande wa kisima. Kinga yangu ilipotea, na haikupita muda mrefu kinga yake ikaota magurudumu ambayo ninayajua kama meno yangu. Jina lake siandiki. Akisoma hapa atajitambua, na kama hasomi, mke wake atamsomea.

Kwa hiyo hakuna kinga yangu inayolala inje. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa primaire, lakini somo la kuingiza kinga nne mu nyumba ndogo ninaweza kulitoa. Kwanza unalegeza nati ya usukani, unaugeuza ulale na fremu, kinga inakuwa bapa kama samaki aliyepasuliwa kwa kukaushwa. Pedali unazizungusha ili zisitazame watu. Halafu unaipandisha kwenye ndoano, gurudumu la mbele juu, kama mbuzi kwa muuza nyama. Inayofuata unaigeuza kichwa chini, ili usukani wake uingie penye kiti cha mwenzake. Unazikaza zote kwa mpira wa ndani wa gurudumu bovu. Na ile itakayotoka mapema kesho njo unaiingiza mwisho. Ukikosea hapo, asubuhi unashusha zote nne huku watoto wanalia wanataka kwenda shule.

Hizo ndoano alizifunga shemeki wangu, kaka ya mke wangu, ambaye ni fundi wa nyumba. Alichukua vyuma vilivyobaki kwenye chantier, pale anapojenga, akavipinda, akavipigilia kwenye boriti ya upande wa kulia, mu chumba cha mbele. Na hapa ninamtaja kama mwenye kosa wa tatu. Chini ya boriti ile njo kunatandikwa kitanda cha wageni. Alikijua, amekilalia mara nyingi.

Basi mama yao, mama mukwe wangu, alivunjika mguu kule Masisi. Alitibiwa hospitali ya Kirotshe, mguu ukashika, lakini wakamwambia asipande tena milima peke yake. Nyumba yake kule ilikwisha kuchomwa, majirani wametawanyika. Shemeki analala kwenye chantier, juu ya mifuko ya sima ya kujengea. Mtoto mwingine aliyebaki ni mke wangu. Ikawa ni lazima aje kwetu, akae kwetu, azeekee kwetu. Mke wangu alifurahi mpaka akapiga nyumba chokaa, akatandika kitanda cha wageni shuka jipya.

Kwa wasiojua heshima ya bukwe ya kwetu, niseme kidogo. Mama mukwe na mukwe wake hawashikani mkono, hawatazamani machoni, hawakai kiti kimoja. Pahali mukwe amekalia, mama mukwe hapagusi. Kitanda cha mukwe hata kukitazama ni haya. Maneno yanapita kwa mtu wa katikati, hata kama mko umbali wa kutemeana mate.

Alifika saa ya kumi mchana, juu ya camion ya mizigo, na fimbo yake na kuku mmoja ndani ya kikapu. Mimi nilisimama uani, upande wa jikoni, uso kwenye mihogo, kama inavyotakiwa. Siku hiyo sikufanya kazi, kinga zote zilikuwa zimening'inia. Akafika mlangoni, akainua kichwa, akasimama.

"Mwanangu," akamwambia mke wangu, "vile viti vinne vilivyo juu ya kitanda changu, nani anavikalia?"

Mke wangu akatazama juu. Ninaapa, sisi wote, siku zote hizo za kupiga chokaa, hakuna aliyewaza.

"Ni kinga tu, Mama."

"Kinga ninaziona. Ninauliza matako."

Shemeki, aliyekuja kumpokea, akaanza kucheka, akaacha.

"Ni baba watoto, Mama."

"Basi munataka nilale, na mukwe wangu anikalie kichwani mpaka asubuhi? Mara nne?" Akarudi nyuma, akakaa kwenye gogo chini ya ukingo wa bati. "Niko muzuri hapa. Camion inarudi kesho. Nitarudi nayo."

"Unarudi wapi, Mama? Nyumba iko wapi?"

"Jivu liko. Hata jivu ni la kwangu."

Mke wangu alinijia pale kwenye mihogo, na sijamuona na macho yale tangu siku ya bariere. Akasema kwa sauti ya chini: "Papa, mama akipanda camion hiyo, mimi ninapanda naye. Fanya akili."

Nikafanya akili. Kwanza shemeki alitaka kuzifunika kitenge. Mama yake akauliza kama yeye mwenyewe akijifunika kitenge anakuwa mtu mwingine. Halafu tukajaribu kuzihamishia chumbani kwetu. Ziliingia mbili, ya tatu ikazuia mlango, na mke wangu akabaki amefungiwa ndani, anapiga kelele mpaka tulipozirudisha juu.

Wakati huo huo jirani wa kisima akajitokeza, mikono nyuma, amependeza kama mtu wa kwaya.

"Papa jirani, shida ya nini? Lete kwangu. Mimi niko na nafasi."

"Ninajua uko na nafasi," nikamjibu. "Iko pale ulipotoa magurudumu yako ya zamani."

Akaenda zake. Kutoka mbinguni mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye miti, na mvua ya Walikale haibishi hodi. Mama mukwe akavuta kitenge mabegani. Kuku wake akatoka kikapuni, akaingia ndani peke yake.

Njo nikakumbuka kitu cha kijinga. Kinga tatu kati ya nne ni za mizigo. Mimi na wenzangu tunazisukuma kwa miguu, zimebeba bidoni za mawese na mikungu ya ndizi, tunazishika kwa fimbo iliyofungwa kwenye usukani. Hakuna anayezipanda. Vile viti vinakaa pale kwa sababu kinga ilikuja navyo dukani, basi.

"Muulize Mama," nikamwambia mke wangu, "kiti kikitoka, kinga ni chuma tu, ao bado ni mimi?"

Mama alikuwa amekwisha kusikia, lakini akangoja mke wangu arudie lote. "Chuma hakina bukwe," akasema. "Mutoe viti."

Shemeki akaleta funguo ya nati. Cha kwanza kikatoka, cha pili kikatoka, cha tatu kikatoka na buibui wake. Nikavipeleka chumbani kwetu ndani ya kikapu. Cha nne kikakataa. Hiyo ndiyo kinga ninayoipanda kweli, na nati ilishikana na kutu. Shemeki akavuta, funguo ikamteleza, akajipiga kidevu.

"Fundi gani huyu?" mama yake akasema. "Nyumba za watu zinasimama namna gani?"

Mvua ikaanguka. Maji yakatoka kwenye bati moja kwa moja juu ya ule mguu mgonjwa. Nikanyakua kinga ya nne, kiti chake juu, nikatoka nayo mbio, nikazunguka nyuma ya nyumba ili mlango usiwe na mimi wala na kiti changu. Nikasikia mke wangu: "Ingia, Mama, ingia!" Nikasikia fimbo yake kwenye udongo wa ndani, kitanda kikalia. Ameingia.

Ndipo nikaelewa nimefanya nini. Mlango ni mmoja. Kile chumba cha mbele sasa ni chumba cha mama mukwe, yuko mle anabadilisha nguo zilizolowa, na mimi niko uani, nimekumbatia kinga, mvua inanipiga kama ina deni na mimi. Kuiacha hapo, hapana, dirisha la jirani lilikuwa wazi. Nikasimama. Mbao za nyumba yetu zina nyufa, nikawasikia wanazungumza mambo ya Karuba, nani yuko hai, nani alioa.

"Na mukwe wangu," mama akauliza, "amekwenda kazini?"

"Yuko nyuma ya nyumba, Mama. Na kinga."

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka, toka nilipomuoa binti yake. Alicheka mpaka akakohoa, na mke wangu akacheka, na shemeki, kule chumba cha ndani, na kidevu chake.

"Muambie aingie na kitu chake. Mimi ninageuka ukutani. Na asigonge sufuria."

Nikaingia, maji yanatiririka, kinga begani, macho kwenye miguu yangu. Nikapita kitandani pake, yeye na uso kwenye chokaa mpya, kitenge juu ya kichwa, mabega bado yanatikisika. Nikagonga sufuria.

"Njo huyo," akauambia ukuta.

Camion ilirudi bila yeye. Tangu hapo, jioni zote, ninakohoa penye mlango na ile kinga ya nne begani, mke wangu anasema "Papa anapita", kitanda kinalia, ninahesabu mpaka tatu ninaingia. Kinga tatu za chuma zinaning'inia juu yake na anatundika humo skafu zake. Ya nne inalala chumbani kwetu, kati ya kitanda na ukuta, upande wangu, na pedali yake imekwisha kunifahamu mbavu. Nati haijatoka. Shemeki anasema ataleta mafuta ya kulainisha kutu. Mama amemkataza: anasema kiti kikitoka, ile saa ya kugeuka ukutani na kucheka itapotea, jioni itakuwa ndefu sana.