Siku Nilipochagua Miti ya Bunduki

Mimi kuchagua najua. Shule niliiacha darasa la tatu nikalee wadogo zangu, lakini niwekee sufuria kumi mbele yangu nikuchagulie moja, utaipikia mpaka wajukuu zako waigombanie. Ndiyo maana mjukuu wangu aliposema anakwenda kununua miti ya kuegemeza bunduki, nilishavaa baibui kabla hajamaliza kusema.

"Bibi, wewe unakwenda wapi?"

"Nakwenda na wewe. Peke yako utauziwa takataka."

Mjukuu mwenyewe ni msichana, mtoto wa binti yangu, kazaliwa hapahapa Johannesburg. Kiswahili anakisikia chote, ila kujibu anajibu Kiingereza, na akinihurumia ndiyo ananichanganyia. Mwaka ule watu wa Cape Town walipokuwa wakipanga foleni ya maji, yeye alikuwa amemaliza mafunzo ya kuongoza wawindaji. Sisi ni watu wa Tanga, tunauza kanga na vitenge mtaa wa Mayfair, tunaishi ghorofani, na hakuna katika ukoo wetu aliyewahi kuwinda kitu zaidi ya panya. Pori alilitoa wapi, sijui. Mama yake alilia. Mimi nilitamba.

Mwenye shamba moja la wanyama, mbali huko kaskazini, alimwambia njoo Jumamosi na Jumapili nikuone. Akiridhika, kazi ni yake. Na kazi yenyewe si kupiga. Anayepiga ni mgeni aliyelipia kuwinda. Mwongozaji anamtafutia mnyama, anamnyatisha mpaka karibu, halafu anamsimikia ile miti mbele yake, upesi na bila kelele, mgeni alaze bunduki juu yake isiyumbe. Ikiyumba, mnyama anajeruhiwa na kwenda kufa kwa mateso vichakani. Na miti anakwenda nayo mwongozaji, yake mwenyewe.

Duka lilikuwa upande wa kusini wa jiji, mbele ya mtaa wa La Rochelle. Muuzaji alikuwa Kaburu mzee, kavaa kaptula katikati ya baridi, magoti mekundu kama nyanya. Akatupangia miti yake: ya miguu miwili, ya mitatu, ya minne. Nikaishika ile ya miwili nikaikandamiza kwa juu, kama ninavyokijaribu kitanda kwa fundi. Ikacheza.

"Mwambie hii imelewa."

"Bibi, please."

"Mwambie!"

Sijui alimwambiaje, mzee alicheka mpaka akashika meza. Akaenda nyuma, akarudi na bunduki ya mbao ya kujaribia, akanionyesha niilaze juu ya miti nilenge saa ya ukutani. Mkono wangu wa kulia unatetemeka, una miaka sasa, chai naimimina kwa kushoto. Kwenye miguu miwili ncha ya ile bunduki ilizunguka uso wote wa saa, inapita kwenye tatu, inapita kwenye tisa. Akanibadilishia, akaniwekea ya mitatu. Ikatulia. Nikautazama mkono wangu kama wa mtu mwingine. Nikasema moyoni, kumbe ni mafiga! Chungu juu ya mafiga matatu hakichezi hata pakiwa na mabonde. Ya miguu minne ilitulia zaidi, lakini kuifungua ni kama kufungua kitanda cha wageni, na swala hatakungoja umalize.

Mjukuu alikuwa ameipenda ya aluminiamu, nyepesi, inang'aa. Nikaitikisa. Ikalia kama vijiko kwenye sinia.

"Na hao swala hawana masikio?" nikamwuliza.

Akamtafsiria mzee. Mzee akanyoosha kidole kwangu. "Gogo anasema kweli," akasema, maana huku bibi wanamwita gogo, na kwenye rafu ya chini akatoa ya mbao, miguu mitatu, imefungwa juu kwa ukanda, na pale bunduki inapolala pamevishwa ngozi. Ukitanua miguu inashuka, ukiibana inapanda, hivyo mgeni awe mrefu au mfupi inamfaa. Nikaikandamiza kwa uzito wangu wote. Kimya.

"Muulize gogo kama anataka kazi hapa," mzee akasema, na mjukuu akanitafsiria huku anatabasamu. Siku hiyo nilitembea Mayfair nimenyoosha shingo kama bibi harusi.

Ijumaa asubuhi akafua nguo zake za porini kwa sabuni isiyo na harufu, akazianika kibarazani, mlango kaufunga.

"Bibi, nguo hizi usizifukize. Hata kidogo. Wanyama wananusa."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Na sikuzigusa. Wallahi sikuzigusa. Lakini miti hakuitaja.

Kwetu kitu kipya hakitoki nyumbani hivihivi. Nguo mpya, godoro jipya, vyote hupitishwa kwenye moshi wa udi, na mwenye safari ndiyo kabisa. Mchana ule yeye alikuwa kazini kwake, kwenye duka la viatu. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikatoa udi mzuri, ule ninaoutunza kwa harusi, nikaisimika miti juu yake. Miguu mitatu ikakizunguka chetezo sawasawa, utadhani fundi alipimia hapo. Nikaona hii ni dalili njema. Nikamwombea dua ndefu. Moshi ulipoisha nikachukua mafuta ya nazi, nikapaka mbao zote, nikaisugua na ile ngozi mpaka ikalainika, nikairudisha miti kwenye mfuko wake nikafunga zipu. Jioni alirudi, hakunusa kitu. Ijumaa nyumba yetu inanukia udi mpaka mkate.

Jumamosi alfajiri akaondoka. Mimi huku sikukaa. Nilikwenda duka la Msomali kununua sukari ambayo sikuihitaji. Nikawaambia wanawake waliokuwemo kwamba mjukuu wangu sasa ni mwongozaji wa wawindaji, kazi keshapata, na vifaa nimemchagulia mimi.

Jumapili akarudi mapema. "Shikamoo, Bibi." Akapita chumbani. Mama yake akamfuata, wakakaa humo. Binti yangu alipotoka aliurudisha mlango polepole, akaja kusimama mbele yangu.

"Mama, ile miti uliifanya nini?"

"Nimeifanya nini? Nimeifukiza."

"Ya Rabi. Na mafuta?"

"Mbao kavu si lazima ipakwe mafuta?"

Ndipo akanieleza. Jumamosi, alipofika tu, waliwanyatia tandala, wale wa pembe za kujisokota. Upepo ukageuka kidogo tu, wote wakainua pua kwa pamoja na kutoweka. Mtoto akadhani ni bahati mbaya. Alasiri akampata dume mmoja peke yake, upepo mzuri, akamfikisha mgeni karibu kabisa, akasimika miti bila hata kijiti kuvunjika. Mgeni akalaza bunduki, akalaza shavu, pua yake juu ya ile ngozi niliyoisugua mafuta. Akapiga chafya. Kisha nyingine. Tandala huyo akaenda zake.

Mwenye shamba, aliyekuwa nyuma yao, akaichukua miti akainusa. Akauliza nani kaipaka manukato.

"Akasema ni yeye," binti yangu akaniambia.

"Kwa nini aseme yeye?"

"Ulitaka asemeje, Mama? Bibi yangu?"

Mwenye shamba alimwambia mtu anayekuja porini na manukato bado hajajua kazi, arudi nyumbani. Mimi nikakasirika, tena sana. Nikasema swala wa nchi hii wana maringo. Nikasema huyo mgeni ana mafua. Sikwenda kugonga ule mlango.

Kesho yake wanawake wale wakanikamata dukani, nimefuata sukari tena. "Enhe, mama mwongozaji! Nyama iko wapi?" Mmoja mwenye ulimi mrefu akaongeza, "Au mjukuu kawasindikiza swala mpaka kwao?" Wakacheka. Mimi kuchekwa siwezi. Nikawaambia yule Kaburu mwenye shamba kambagua mtoto, kamtazama rangi na dini yake, akamfukuza. Nikalikoleza. Nikasema alimtukana. Wakaacha kucheka, wakaanza kumlaani mtu wa watu, na yule mwenye ulimi mrefu akanishika bega. "Pole, mama. Pole sana." Nikapokea pole.

Nilipogeuka, mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni na mkate mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Hakupandisha sauti. Akasema kwa Kiswahili, chote, bila kuchanganya, ili kila mtu asikie:

"Bibi, yule mwenye shamba hakunibagua. Twende nyumbani."

Nimezaa, nimezika, nimevuka mipaka nimelala chini ya turubai la lori. Kichwa sijawahi kukiinamisha vile. Barabarani alinibebea sukari yangu. Nilitaka aniseme, anipayukie kama watoto wa huku wanavyowapayukia wazee wao. Kwenye robot, taa za barabarani, tukasubiri, akanishika kiwiko kama kawaida, tukavuka.

Nilipaswa kusema neno palepale. Au jioni, nilipompelekea chai. Niliiweka chai nikamwambia inapoa.

Siku zikapita, tukazungumza habari za sabuni na luku ya umeme. Kisha wiki moja hakulala nyumbani. Nikadhani duka la viatu limempeleka tawi la mbali. Nikamwuliza mama yake, akawa anakunja nguo hainui uso.

"Yuko shamba, Mama. Alimpigia mwenye shamba yeye mwenyewe, akamwomba amjaribu tena. Kaazima miti ya huko. Kazi kapata."

"Kapata?"

"Kapata."

"Na mimi mbona sikuambiwa?"

Akaendelea kukunja. "Aliniomba nisikwambie mpaka aanze kazi."

Furaha ilinipanda. Nilishasimama kutafuta baibui nitoke, nikakumbuka hakuna wa kumwambia. Nitawaambia nini, kwamba mbaguzi kamwajiri? Nikakaa.

Jumapili alipiga simu. "Shikamoo, Bibi." Sauti yake ilikuwa nyepesi, nyuma yake ndege wanapiga kelele. Alikuwa ananingoja niulize habari za kazi, nilijua, nikasikia anavyongoja. Nilikuwa na pongezi, nilikuwa na samahani, vyote viwili viko mdomoni.

Nikamwuliza kama huko kuna baridi.

"Ipo, Bibi," akasema. "Asubuhi ipo kali."

"Vaa soksi," nikamwambia, nikampa mama yake simu.