Bati Chini ya Kabini

Wateja humwita Mama Spana, naye haoni ubaya. Ana ulimi mkali na mikono isiyo na papara. Gereji aliachiwa na marehemu mumewe, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Sikio. Gari likimsumbua, Sikio alipanda kabini, akapandisha vioo vyote ili kelele za nje zisimwingilie, akafumba macho na kuisikiliza injini mpaka imwambie kinachoiuma. Siku moja alipanda hivyo hivyo kwenye lori kuukuu, na hakushuka tena. Watu walisema ni moyo. Mama Spana aliitikia tu, kwa kuwa asubuhi ile walikuwa wamegombana, na moyoni aliamini ni yeye aliyemuua.

Sasa lori lile lile limerudi. Limepakwa rangi nyingine, lakini aliutambua mngurumo wake kabla halijakata kona.

"Taa ya injini haizimiki, mama," alisema dereva. "Wakaguzi wamenirudisha. Wanasema linatoa hewa chafu kupita kiasi."

"Na hayo macho mekundu? Umekesha na nani?"

"Safarini nalala humu humu. Nawasha injini nipate joto. Nikiamka, kichwa kinagonga mpaka natapika."

Utani ukamwishia mdomoni. Sikio naye, siku zile alipokuwa akilitengeneza lori hili, alikuwa akilalamikia kichwa, akimeza vidonge na kurudi kazini.

Alimwambia dereva awashe injini, kisha azibe kidogo mdomo wa ekzosi kwa gunia lililoloa, ili moshi utafute upenyo mwingine. Yeye akajipenyeza chini ya kabini. Moshi ulikuwa unavuja kwenye bomba dogo linalorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, na ulipanda moja kwa moja hadi kwenye mpira wa gia uliochanika, sakafuni mwa kabini.

Injini ilipopoa, alifungua boliti. Kwenye maungio ya bomba hilo alikuta kipande cha bati la kopo kilichozibia njia. Ujanja huo mafundi wote wa mtaa wanaujua: ukiziba pale, injini haijai masizi upesi, na mteja anafurahi. Bati lilikuwa limeungua na kutoboka pembeni, na hapo ndipo moshi ulipopenyea. Kona zake zilikuwa zimeviringwa kwa tupa, zisimkate atakayefungua. Ni mtu mmoja tu aliyejali mikono ya wenzake kiasi hicho.

"Kumbe ni hiki," alinong'ona. Hakuwa akiongea na dereva. Akilini alimwona Sikio kule juu kabini, vioo vimepandishwa, ametulia anasikiliza, huku moshi wa kazi yake mwenyewe ukimpanda kutoka miguuni. Ugomvi haukumuua. Mama Spana alilia kwa nafuu, akaionea aibu nafuu hiyo.

Haikudumu. Ujanja ule Sikio alimfundisha na yeye. Tangu awe mjane amekata mabati kama hayo na kuyafunga kwenye malori mengi, tena kona akiziviringa, kwa kumkumbuka.

"Limepona, mama?"

"Lako litapona leo. Ila usilale humo." Alijifuta mikono kwenye ovaroli. "Wenzako niliowatengenezea, namba zao unazo? Wapigie mmoja mmoja. Anza na wanaolala safarini."

Simu ya kwanza iliita, ikaita, mpaka ikakatika. Mama Spana akamwambia apige tena.