Dole Gumba Katika Daftari la Nyimbo

Wajukuu wangu huniuliza ni wimbo gani wa zamani wausikilize, ama kitabu gani wakitafute. Huwajibu kwa mdomo tu, karatasi sishiki. Wanadhani ni ukaidi wa uzee, nami nawaacha wadhani hivyo.

Zamani nilikuwa na daftari. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, nami nikifanya kazi ya kuchambua buni katika shamba la mzungu mmoja karibu na Ruiru. Tulikuwa wanawake wanane kwenye meza moja, tukitoa kahawa mbovu kutwa nzima, na bila maneno kazi hiyo ingetumaliza. Aliyesikia au kuona kitu kizuri Jumapili alikileta mezani Jumatatu. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimesoma, darasa la nne la misheni, basi nikawa naandika daftarini na kuwasomea wanawake wa meza nyingine. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Aliyetamba kutushinda wote alikuwa rafiki yangu, mwanamke wa rika langu aliyekaa kulia kwangu. Hakujua hata herufi moja, lakini sikio lake lilikuwa kali.

"Mwarimu," alikuwa akiniita kwa utani, "andika. Kwa fundi wa nguo kule Thika kuna santuri mpya. Wee! Gitaa inalia pekee yake mpaka unasahau ulienda kushona nini. Waambie waende mbio, kabla sindano haijaikwaruza."

Gari la sinema lilipokuja kiwanjani kutufundisha usafi, halikumpendeza. "Andika wasipoteze wakati. Nzi ameonyeshwa mkubwa kama ng'ombe. Nani amewahi kuona nzi kama huyo?" Lakini kijitabu nilichowasomea saa ya chakula, hadithi ya mjane na mbuzi wake, aliniamuru nikiandike cha kwanza.

Pale shambani, siku ya mshahara, asiyejua kuandika alichovya dole gumba katika wino akalibonyeza mbele ya jina lake. Kwa hiyo rafiki yangu alitaka maneno yake nayo yawekewe dole. "Mtu asije akasema ni wewe ulisikia hiyo santuri," aliniambia. Niliona ni upuuzi, lakini nikaleta wino. Wenzetu walimcheka. Yeye akabonyeza ukurasa baada ya ukurasa, anapuliza wino ukauke, uso umejaa furaha.

Asubuhi moja, kabla sijaenda kazini, homgadi, wale walinzi wa kijiji waliosaidia serikali, walikuja kupekua nyumba zetu. Walilikuta daftari chini ya mto wangu. Mkubwa wao hakujisumbua kusoma. Alichoona ni karatasi zenye madole ya wino, na kwake hilo lilikuwa na maana moja tu: orodha ya watu waliokula kiapo cha kupigana na serikali.

"Hii dole ni ya nani?"

Hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo. Ningeweza kusema ni langu. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilidhani ukweli ukisemwa wote unatosha, nikamtaja jina upesi, kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa, ndipo nikaanza kueleza habari ya santuri na nzi. Walikuwa wameshageuka kutoka. Hawakusubiri nzi.

Niliwafuata mbio mpaka shambani, nikawakuta wakimchukua kutoka kwenye meza ya buni, vumbi la maganda likiwa bado mikononi mwake. Walikuwa wamemwambia ni nani aliyemtaja, kwa maana alinitazama mara moja tu akaangalia kando. Daftari wakalichoma uwanjani. Mimi waliniacha kwa sababu nilikuwa nimesema.

Alikaa miaka mitatu katika kambi ya kizuizini. Niliposikia amerudi, nilimaliza wiki mbili bila kwenda kwake. Niliogopa. Mwishowe nikaenda mchana mmoja, nimebeba sukari kidogo na unga wa uji. Alikuwa amekonda, na meno mawili ya mbele hayakuwepo. Nilimwambia yote niliyokuwa nimepanga, kwamba nilimkosea na sina la kujitetea, huku nikilia. Aliniuliza nimesikia santuri gani mpya.

Nikamwambia sijasikiliza chochote tangu siku ile. Ilikuwa kweli.

"Ngai! Miaka mitatu bure?" alisema. "Basi mimi nilisikia. Kule kambini kulikuwa na mama mmoja na wimbo wake wa kubeba mawe. Ni mzuri kushinda ile gitaa. Nataka uusikie. Kuja hapa karibu."

Nikasogea. Akaishika mikono yangu yote miwili, akaikaza juu ya magoti yake mpaka vidole vikaniuma. Akaimba wimbo wote, taratibu, na hakuniachilia mpaka alipoumaliza.